Jinsi ya Kuzisoma Picha za Askari wa Zamani

Katika nyumba nyingi za Eldoret, na katika vijiji vya Uasin Gishu, Nandi na Keiyo, imo picha moja ya kale iliyotiwa katika sanduku la bati au kutundikwa ukutani nyuma ya kioo. Katika picha hiyo amesimama kijana, kifua mbele, mikono imenyooka, naye amevaa nguo za kiaskari. Watoto wa nyumba wakiuliza ni nani, huambiwa, "Huyo ni babu, alikwenda Burma." Huenda ni kweli. Walakini huenda babu huyo alipigana Uhabeshi au Bukini, na Burma hakuiona kamwe. Au picha yenyewe ni ya vita vya 1914, na huyo aliyesimama ni baba yake babu. Wazee waliojua habari hizo karibu wote wamekwisha kufariki, nayo picha haina maandishi.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina yao mahali popote pa ukumbusho, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo kazi ya kuyatafuta majina imekuwa ikifanywa, na majina mengine hayamo katika daftari yoyote ya Serikali. Yamo midomoni mwa jamaa na nyuma ya picha. Tena, mwezi wa Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Kenya, wazee wachache waliopigana vita vya 1939 walipewa nishani mpya badala ya zile walizokuwa nazo zamani. Baadhi yao walikuwa wamezitupa za kwanza wakati wa Mau Mau, kwa kuogopa kudhaniwa kuwa watu wa Serikali. Basi mtu asishangae akikuta picha ya askari ambaye nyumbani kwake haikubaki nishani wala karatasi. Picha ndiyo hati yake ya pekee.

Anayetaka kuisoma picha ya namna hii asianze na sura ya mtu, kwa maana sura humfanya aone anachotaka kukiona. Aanze na vile vilivyo nyuma ya mtu. Mji wa Eldoret wenyewe si wa kale. Makaburu walipofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 hapakuwa na mji hapo. Mahali penyewe palijulikana kwa namba ya shamba, 64, na jina la Eldoret lilitangazwa mwaka 1912. Reli ilifika mwaka 1924. Kwa hiyo, mtu akionyeshwa picha ya askari waliosimama kando ya gari moshi, na chini yake pameandikwa "Eldoret 1916," na ajue kwamba maandishi hayo hayawezi kuwa ya kweli. Ama mwaka umekosewa, ama mahali pamekosewa. Pengine ni Nairobi au Voi, na maandishi yaliongezwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekisia.

Kadi za posta nazo zina alama zake. Ikiwa nyuma ya kadi nafasi yote iliachiwa anwani, na ujumbe ukaandikwa mbele pembeni mwa picha, kadi hiyo yaelekea ilichapwa zamani sana, kwa kuwa Waingereza walianza kuugawa upande wa nyuma sehemu mbili mwaka 1902, na Wajerumani mwaka 1905. Stempu husema zaidi. Mpaka mwaka 1921 hivi stempu za Kenya ziliandikwa jina la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Tangu 1922 ziliandikwa Kenya na Uganda. Na tangu 1935 zikaongezwa jina la Tanganyika. Lakini stempu hueleza siku kadi ilipotumwa, na picha yenyewe yaweza kuwa imepigwa miaka kumi kabla yake. Wenye maduka waliuza kadi zile zile hadi zikaisha.

Kuna hila moja ya picha za zamani ambayo huwapoteza hata wajuzi. Vioo vya kupigia picha vilivyotumiwa mwanzoni mwa karne iliyopita havikuiona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi, na kitu cha buluu kilitoka cheupe au kijivu hafifu. Mtu hutazama picha ya mwaka 1905 akasema kwa hakika, "Askari hawa walivaa tarbushi nyeusi," kumbe zilikuwa nyekundu kama damu. Na vile vitambaa virefu ambavyo askari wa Keya walijizungushia miguuni, vilivyokuwa vya buluu iliyoiva, huweza kuonekana kama vimefuliwa mpaka vimepauka. Basi rangi zisiaminiwe katika picha yoyote ya kabla ya miaka ya 1930. Yaaminiwe maumbo.

Sasa maumbo hayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi mawili yaliyopigana katika nchi hizi, yaani askari wa Kiingereza wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, na askari wa Wadachi, yalifanana mno katika picha. Wote walivaa kaki. Wote walikuwa na kofia iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande kilichoning'inia kisogoni ili kukinga jua. Viongozi wao walikuwa Wazungu, na wao wenyewe mara nyingine walikuwa watu wa kabila moja. Lakini kofia ya askari wa Mdachi ilikuwa ndefu zaidi na ngumu, na mbele yake ilikuwapo sanamu ya tai wa chuma cheupe, alama ya Kaizari. Kofia ya Keya ilikuwa fupi na laini zaidi. Alama yake, ikiwapo, ni baragumu, au namba ya bataliani. Na bataliani nyingine ziliandika namba hiyo kwa tarakimu za Kiarabu, hata mtu asiyezijua hudhani ni pambo tu.

Kisha yatazamwe miguu. Mwaka 1914 askari wa Mdachi alikuwa na suruali ndefu iliyozungushiwa vitambaa, na viatu vya ngozi. Askari wa Keya alivaa kaptula, mara nyingi na fulana nzito ya sufu badala ya koti, akajizungushia vitambaa miguuni, na chini ya vitambaa hivyo nyayo zake zilikuwa tupu, au alivaa makubadhi. Wako wanaoona haya kuonyesha picha ya babu yao aliyesimama gwaride pasipo viatu, wakidhani alikuwa mtumishi wa kambini. Hakuwa mtumishi. Ndivyo Keya walivyokuwa, na kwa miguu hiyo walimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck toka Kilimanjaro hata Msumbiji. Bunduki husaidia pia. Ile fupi ya Kiingereza iliyoitwa Lee-Enfield, mbao yake hufika hadi ncha ya mtutu, hata ncha ikaonekana butu. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser mtutu wake hutokeza mbele ya mbao.

Hapa msomaji aonywe. Alama hizi hufaa kwa miaka ya kwanza ya vita, na kadiri vita vilivyoendelea zilichanganyika. Mwezi wa Novemba 1917 Wadachi waliingia Msumbiji wakiwa karibu uchi, wakaishinda ngome ya Wareno pale Ngomano, wakajitwalia bunduki, risasi na nguo. Tangu siku hiyo askari wa Mdachi aweza kuonekana pichani ana bunduki ya Kireno na koti la Kireno. Zaidi ya hayo, mwaka ule ule wa 1917 Waingereza waliiunda upya bataliani ya sita ya Keya, na wengi walioandikwa humo walikuwa askari wa Mdachi waliotekwa. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na picha mbili za kweli, moja ana tai kofiani, na ya pili ana alama ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wake wasigombane kwamba moja ni ya uongo.

Kuhusu askari hao wa Mdachi kuna habari inayosimuliwa sana. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliokuwa hai bado mishahara yao ya vita iliyobaki. Wazee kama 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya nguo zao za zamani ili viwe ushahidi. Mlipaji, asijue la kufanya, akampa kila mzee fimbo ya ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Picha haiwezi kupewa ufagio. Lakini hata katika picha mwili wa askari aliyefunzwa hujulikana: visigino vimekutana, kidole gumba kiko sawa na mshono wa suruali, na bunduki imesimama wima kando ya mguu wa kulia. Aliyeazima nguo za kiaskari ili apigwe picha mjini, na watu wa namna hiyo walikuwako wengi, huishika bunduki kama fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Walio wagumu kuliko wote kuwatambua ni wale wasiokuwa na sare. Katika vita hivyo vya 1914 hata 1918, Kenya ilitoa wapagazi wengi kuliko askari, nao waliandikwa katika Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya watu waliligeuza kuwa Kariakoo. Mkuu wao alikuwa Bwana Oscar Watkins. Wapagazi waliokufa katika hesabu za Serikali peke yake walizidi 40,000, wengi kwa ugonjwa wa kuhara, homa na njaa, na wataalamu wa historia huamini kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Mpagazi katika picha ana blanketi, shuka au kaptula iliyochakaa, na mzigo kichwani. Mtu huiona picha hiyo akaandika chini yake "vibarua," na habari ikaishia hapo. Kabla ya kuandika neno hilo, na aichunguze shingo kwa kioo cha kukuzia. Kikionekana kisahani kidogo cha chuma kilichofungwa kwa uzi, hicho chaweza kuwa kile kilichochorwa namba yake ya kuandikwa vitani. Katika sanamu ya shaba iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928, katika njia ambayo leo ni Kenyatta Avenue, mpagazi amesimama pamoja na askari, amelingana nao kwa urefu. Aliyeichonga aliwaona kuwa wote walikuwa watu wa vita, na katika hilo alikuwa na macho mazuri kuliko wengi walioandika vitabu.

Watu wa Nandi wana sababu yao wenyewe ya kuzitazama picha kwa uangalifu. Miaka ya 1905 na 1906 Serikali ilituma jeshi kubwa juu yao. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Kapteni Meinertzhagen wa bataliani ya tatu ya Keya, katika mkutano ulioitwa wa amani. Katika jeshi lile walikuwamo Keya wenye tarbushi, walikuwamo polisi, na walikuwamo Wamaasai waliochukuliwa kusaidia, wakiwa na mikuki na ngao zao. Picha za watu wenye mikuki zilizopigwa nyakati hizo huuzwa mara kwa mara kwa jina la "mashujaa wa Nandi." Baadhi ni Wanandi kweli. Lakini katika baadhi huonekana, pembeni au nyuma, Mzungu mwenye kofia ya jua na tarbushi mbili tatu, nao wenye mikuki wamesimama kwa starehe pamoja nao. Hapo inafaa kujiuliza ni nani hasa waliopigwa picha, kabla ya kuitundika sebuleni kuwa ukumbusho wa waliouawa. Kadhalika ipo nishani ya Africa General Service yenye kipande cha chuma juu ya utepe wake kilichoandikwa Nandi 1905-06. Mwenye kuivaa pichani alikuwa upande ule wa pili.

Wazungu wa Eldoret nao waliacha picha zao za 1914. Farasi, kofia pana, mikanda ya risasi iliyopita kifuani, na hakuna wawili waliovaa sawasawa: hao mara nyingi ni East African Mounted Rifles, au Makaburu wa Uasin Gishu waliojiunga na kikosi kilichoitwa Arnoldi's Scouts. Walikuja vitani na farasi zao na bunduki zao za kuwindia. Nyuma yao, karibu kila mara, yuko kijana wa Kiafrika aliyeshika hatamu. Yeye ndiye anayestahili kuulizwa jina kwanza, kwa sababu majina ya hao wengine yamekwisha kuandikwa.

Vita vya 1939 ni vyepesi zaidi. Kenya peke yake ilitoa watu karibu 98,000, na picha zilikuwa nyingi na rahisi. Keya wa wakati huo hujulikana kwa kofia ya ukingo mpana uliopandishwa upande mmoja, na kwa buti. Wakionekana na bombom nyepesi ya Bren, ile yenye kisanduku cha risasi kilichopinda kama ndizi juu yake, picha haiwezi kuwa ya vita vya kwanza. Begani yatafutwe maandishi. K.A.R. ni Keya, herufi nyingi kuliko hizo huonyesha mara nyingi madereva, wauguzi, au Paionia waliofanya kazi Misri na Libya. Kichwa cha kifaru mkononi ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 na kuingia Kalewa mwezi wa Desemba. Huyo ndiye mtu wa Burma bila shaka. Pasipo kifaru, au nishani ya nyota ya Burma, jina la Burma liandikwe kwa penseli.

Vyeo havina taabu: tepe moja ni lans-koplo, mbili ni koplo, tatu ni sajini. Kosa la kawaida ni kuhesabu pia tepe za chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto zilizoelekea juu. Hizo ni za tabia njema, hazina amri ndani yake. Taji la sajini-meja au la vifungo nalo lina kazi yake. Taji la wakati wa wafalme, tangu 1902, tao zake huinuka mviringo. Lile la Malkia Elizabeth, lililoanza miaka ya 1950, hubonyea katikati. Picha ya askari wa miaka ya Mau Mau hutengwa na ya Burma kwa alama hiyo ndogo pale ambapo nguo zinafanana. Na mwenye beji ya Kenya Rifles alipigwa picha baada ya uhuru, Desemba 1963, maana ndipo bataliani za Keya za Kenya zilipobadilishwa jina. Wengi wa Eldoret watakuwa na picha za namna hiyo, kwa kuwa kambi ya Moi, ambako makuruta wa jeshi hufunzwa, iko hapo hapo.

Jambo la mwisho kabla ya kuamua: iangaliwe kama picha imegeuzwa. Wapiga picha wa zamani waliweza kukiweka kioo kinyume, kushoto kukawa kulia. Koti la mwanamume huwa na vifungo upande wake wa kulia. Vikionekana kushoto kwake, au herufi za begani zikisomeka kinyume, picha ishikwe mbele ya kioo cha kujitazamia ndipo isomwe upya. Pasipo kufanya hivyo, tepe na nishani zote zitahesabiwa upande usio wao.

Yote yaliyopatikana yaandikwe, lakini si kwa kalamu ya wino juu ya picha, wala kwa kuibandika kwa gundi. Penseli laini nyuma, kwa mkono mwepesi, pembeni mbali na uso wa mtu. Kingo zisikatwe, maana muhuri wa mpiga picha huwa pale pale kwenye ukingo. Siku hizi simu ya mkononi yatosha kuinakili picha, mbele na nyuma, kabla haijatolewa nyumbani kwenda popote, hata ikiwa ni kwa jamaa. Lakini kuna haja ya kuandika pia namna jambo lilivyojulikana. "Babu, Burma" ni maneno mafupi mno. Iandikwe: jina lake na la baba yake, kijiji, aliyeisimulia habari hiyo na mwaka alioisimulia, kisha alama zilizoonekana, kifaru, tepe mbili, buti. Na yasiyojulikana yaachiwe nafasi wazi ya kutosha, ili mwingine akija na jina apate mahali pa kuliandika.